Jauja: mji uliopoteza ukuu, bonde likabaki na ardhi yake

Ukitua kwenye uwanja wa ndege unaohudumia Huancayo, makao makuu ya mkoa wa Junín katikati ya Peru, utagundua kuwa hujafika Huancayo. Uko Jauja, mji mdogo ulio upande wa juu wa bonde la mto Mantaro, karibu mita 3,400 kutoka usawa wa bahari. Abiria wengi huchukua mabegi yao, hupanda gari na kuteremka bondeni kilomita arobaini na kitu kufuata benki, hoteli na maduka makubwa. Jauja huiona kupitia dirishani.

Mji huo wanaoupita ndio uliokuwa makao makuu ya kwanza ya Wahispania nchini Peru. Francisco Pizarro, kiongozi wa wavamizi wa Kihispania, aliuzindua rasmi tarehe 25 Aprili 1534. Haukumaliza hata mwaka. Tarehe 18 Januari 1535 mji mpya ulianzishwa pwani, ndio Lima ya leo, na Jauja ikaachwa mlimani.

Kisa hicho husimuliwa kwa masikitiko, kana kwamba Jauja ilidhulumiwa. Mimi nadhani msiba wa mji ulikuwa bahati ya bonde. Wakuu walipoondoka, waliiacha ardhi mikononi mwa wenyeji kwa kiwango ambacho ni nadra kukiona kwingine katika milima ya Andes. Na ardhi hiyo, iliyobaki imegawanyika katika vishamba vya wakulima wadogo, ndiyo iliyokuja kulifanya gulio la Huancayo kuwa na nguvu kuliko mji wenye hati za ukuu. Kuona jinsi hayo mawili yalivyofungamana, lazima turudi nyuma ya Pizarro.

Kabla ya Wainka, watu wa bonde hili walikaa juu ya vilima, kwenye miji yenye kuta. Mmoja wao, Tunanmarca, ulikuwa na maelfu ya wakazi, na magofu ya nyumba zake za mviringo bado yapo karibu na Jauja. Walikuwa Wawanka na ndugu zao wa Xauxa, makundi yaliyopigana yenyewe kwa yenyewe kwa ajili ya mashamba na mifugo. Mnamo miaka ya 1460 Wainka wakaja na jeshi kutoka Cusco, wakawashinda, wakawateremsha bondeni na kujenga kituo cha utawala walichokiita Hatun Xauxa. Walichoongeza juu ya vilima vile ni maghala. Wanaakiolojia wamehesabu zaidi ya 2,000 katika bonde hili, yamepangwa kwa safu kama shanga: mahindi, viazi vilivyokaushwa, kinoa, nguo, silaha. Jeshi lililopita kwenye barabara kuu ya milimani lilikula hapo bila kumpokonya mtu njiani, kwa sababu mwenyeji alikwisha kupokonywa jasho lake mapema, kwa zamu za kazi ya dola.

Wawanka hawakusahau kwamba walishindwa. Wana wawili wa mfalme wa Wainka, Huáscar na Atahualpa, walipogombea kiti, Wawanka walikuwa upande wa Huáscar. Atahualpa akashinda, na jenerali wake Chalcuchimac akaweka kambi Jauja na kuwaadhibu vikali. Basi Wahispania walipoingia bondeni Oktoba 1533, machifu wa Wawanka, wale walioitwa kuraka, hawakuwaona kama wavamizi wa nchi yao. Waliona fimbo ya kumpigia adui waliyemjua. Wakawapa chakula, wapagazi na askari. Sisi tunaojua yaliyofuata tunaweza kuwahukumu haraka, lakini mwaka 1533 hakukuwa na taifa liitwalo Peru la kusalitiwa. Kulikuwa na himaya iliyowakalia kwa miaka kama sabini hivi, na wageni wachache waliodhani wangeweza kuwatumia.

Hapa ndipo penye sehemu ninayoipenda kuliko zote katika historia hii. Wainka na raia wao hawakuandika kwa wino. Waliweka hesabu kwa kipu, yaani nyuzi zenye mafundo, na kila aina ya fundo na mahali pake ilikuwa na thamani ya tarakimu. Wawanka walipowapa Wahispania kitu, walifunga fundo. Walitoa lama, yule mnyama wa mizigo wa Andes, fundo. Walitoa mahindi, kuni, kamba, viatu, samaki, ndege wa porini, kila kimoja na uzi wake. Walihesabu hata vitu vilivyoporwa bila ridhaa, na watu waliochukuliwa kubeba mizigo ya msafara wasirudi tena nyumbani. Kisha, kati ya 1558 na 1561, viongozi wao walikwenda mbele ya mahakama kuu ya kifalme huko Lima, watunza kipu wakashika nyuzi zao, na makarani wa Kihispania wakaandika yaliyosomwa, bidhaa kwa bidhaa, kikosi kwa kikosi, tangu siku ya kwanza. Zaidi ya miaka ishirini ya deni iliwekwa mezani. Karatasi hizo zimebaki hadi leo. Mwana wa kuraka mmoja, Felipe Guacrapáucar, alivuka bahari hadi Hispania kudai haki ya ukoo wake, na katikati ya miaka ya 1560 alirudi na nembo ya heshima kutoka kwa Mfalme Felipe wa Pili.

Wakati huo Wahispania wenyewe walikuwa wamekwisha kuhama. Mwishoni mwa 1534 wakazi wa Jauja walikaa kikao na kueleza kwa nini mji haufai: bahari ni mbali na mizigo inapanda milima mirefu, kuni na mbao ni haba, na nguruwe, farasi na kuku walioletwa hawazai kwenye baridi na hewa ile nyembamba. Ni sababu za kawaida kabisa, za watu wanaofikiria chakula na usafiri. Lakini matokeo yake yalikuwa makubwa. Mji mkuu huvuta wakubwa, na wakubwa hutaka mashamba karibu na nyumba zao. Mabonde yanayozunguka Lima yalijaa mashamba ya mabwana, yakilimwa na Waafrika waliotumikishwa utumwani. Katika bonde la Mantaro, sehemu kubwa ya ardhi ya chini, ile nyeusi yenye rutuba kandokando ya mto, ilibaki kwa wenyeji na vijiji vyao.

Wanahistoria hawakubaliani juu ya sababu. Wako wanaosema ni malipo ya ushirika ule: Wawanka walisaidia, walidai, wakapewa kinga dhidi ya ukabaila. Wengine wanaona maelezo hayo ni mepesi mno, na wanataja wingi wa watu bondeni, ukaribu wa migodi iliyohitaji chakula kutoka kwa wakulima wengi, na nguvu ya kuraka ambao wenyewe walikuwa matajiri wa ardhi na hawakutaka mshindani. Mimi naegemea upande wa pili, ila sitaitupa kipu. Watu waliojua kuweka ushahidi na kuupeleka mahakamani hawanyang'anywi kwa urahisi kama wasio na ushahidi. Vijiji vya bonde hili viliendelea na tabia hiyo ya kushitaki karne baada ya karne, vikitunza hati zao kwenye masanduku.

Tusilipambe bonde hili, hata hivyo. Ushirika na Wahispania haukuwaepusha Wawanka na ndui wala surua, magonjwa yaliyomaliza watu wengi kuliko vita. Haukuwaepusha na shokoa. Zebaki ilipogunduliwa Huancavelica, kusini mwa bonde, miaka ya 1560, wanaume wa wilaya ya Jauja walipelekwa kwa zamu kuichimba, kwa sababu bila zebaki madini ya fedha ya Potosí, katika Bolivia ya leo, yasingeweza kusafishwa. Vumbi na mvuke wa zebaki viliharibu mapafu na kuwatetemesha mikono. Na huko juu, kwenye nyanda za baridi ambako mahindi hayakubali, mabwana walijitwalia malisho makubwa ya kondoo na ng'ombe. Kwa hiyo bonde likawa na sura mbili: chini wakulima wadogo, juu mabwana wa mifugo. Ugomvi wa mpaka kati ya sura hizo mbili ndio siasa ya Jauja kwa karne tatu zilizofuata.

Huancayo ilianza kwa unyonge. Mwaka 1572, Wahispania walipokuwa wakiwakusanya wenyeji kwenye vijiji vya kupangwa ili iwe rahisi kuwatoza kodi na kuwahubiria, ilianzishwa kama kijiji cha Wahindi, kama walivyowaita. Mapokeo ya pale yanasema gulio la Jumapili lilianza pamoja na kijiji. Jauja ilikuwa na heshima, kanisa kubwa, maofisa. Huancayo ilikuwa na njia panda: wanaotoka Huancavelica na Ayacucho, wanaopanda kutoka misitu ya mashariki, wanaoshuka kutoka malishoni, wote walikutana hapo. Madini ya fedha yalipopatikana Cerro de Pasco, kaskazini, katika karne ya 17, migodi ilihitaji mahindi, nyama, kamba, ngozi na nyumbu wa kubeba mizigo. Wakulima wa bondeni walikuwa na vya kuuza kwa sababu mashamba yalikuwa yao. Kibarua wa kabaila hana cha kupeleka gulioni.

Uhuru ulipokuja katika miaka ya 1820, bonde lilipitiwa na kila jeshi. Ramani ya nani anashika Lima na nani anashika milima ilibadilika mara nyingi, na kila aliyeshika milima alikula mazao ya Mantaro, kama Wainka walivyokula. Viongozi wa kisiasa pia walilipenda bonde kwa sababu hiyo hiyo: liko mbali na Lima kiasi cha kujipanga, na lina chakula. Mwaka 1839 bunge lilikaa Huancayo na kutunga katiba. Na Desemba 1854, akiwa Huancayo katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Ramón Castilla, jenerali aliyeongoza uasi dhidi ya serikali, alitia saini amri ya kukomesha utumwa Peru. Watu wapatao 25,000, Waafrika na vizazi vyao, waliwekwa huru. Amri ile ilikuwa silaha ya vita pia, maana Castilla alitaka kumpokonya mpinzani wake, Rais Echenique, askari aliotaka kuwasajili kutoka miongoni mwa watumwa. Mabwana wakalipwa fidia kwa kila mtu waliyemwachia, fedha zilizotokana na samadi ya ndege wa baharini ambayo Peru ilikuwa ikiiuza Ulaya. Waliotumikishwa hawakulipwa kitu. Miezi michache kabla, akiwa Ayacucho, Castilla alikuwa amefuta kodi ya kichwa iliyotozwa wenyeji tangu ukoloni, na hilo liligusa kila nyumba bondeni.

Kisha ikaja vita na Chile. Lima ilitekwa Januari 1881, na Andrés Avelino Cáceres, jenerali aliyezungumza Kikechua na wakulima wake, akapanda mlimani na kuanza kukusanya jeshi jipya kutoka Jauja. Wachile walipanda kumfuata. Walitoza vijiji, walichukua mifugo, walichoma nyumba. Wakulima wakajiunda vikosi wenyewe, wenye mikuki, kombeo na bunduki chache. Tarehe 9 na 10 Julai 1882, huko Concepción, katikati ya Jauja na Huancayo, kikosi cha Wachile 77 kilizingirwa na kuuawa chote.

Hapa pana fundo ambalo historia ya mashujaa hulipita haraka. Baadhi ya mabwana wa malisho walitaka amani kwa gharama yoyote, na walishirikiana na jeshi la adui ili kuokoa mali zao. Wakulima wenye silaha waliona wazi kwamba anayemlisha mvamizi ni adui, wakaingia kwenye mashamba ya mabwana hao, wakachukua ng'ombe na kukaa kwenye ardhi. Vita vilipokwisha na Cáceres akahitaji kuungwa mkono na matajiri ili aushike urais, vikosi vile vilivyompigania vikageuka kero. Mwaka 1884 kiongozi mmoja wa wakulima, Tomás Laimes, alihukumiwa na watu wa Cáceres na kupigwa risasi Huancayo. Hata hivyo jumuiya za juu, kama Comas, ziliendelea kuyakalia mashamba yale kwa miaka mingi. Nikiulizwa uzalendo wa wakulima wa Mantaro ulikuwa wa nini, nitajibu kwamba walipigania nchi waliyoweza kuikanyaga: kijiji chao, malisho yao.

Reli ndiyo iliyoamua mashindano ya miji. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa 1870 na kuvuka milima kwenye kimo cha zaidi ya mita 4,700, ilifika La Oroya, mji ulio kabla ya Jauja ukitoka Lima, mwaka 1893, ikapita Jauja na kuishia Huancayo mwaka 1908. Reli hukuza mji inakoishia. Mizigo ya kusini yote ilibidi ije Huancayo kupakiwa, na kila mzigo uliohitaji kusubiri ulihitaji ghala, mgahawa, dalali, benki. Huancayo ilikuwa imejitenga na wilaya ya Jauja tangu 1864, na mwaka 1931 ikachukua makao makuu ya mkoa kutoka Cerro de Pasco. Gulio lililoanza kwa magunia barabarani likawa mji mkubwa kuliko yote ya katikati ya milima ya Peru.

Jauja ikapata biashara nyingine, ya huzuni. Hewa yake kavu na jua lake vilisifiwa na madaktari kuwa dawa ya kifua kikuu, na tangu karne ya 19 wagonjwa wenye uwezo walipanda kutoka Lima, na wengine kutoka nchi za nje, kuja kupumua. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikafunguliwa hospitali ya Olavegoya. Mji uliishi kwa kuwapangisha vyumba wagonjwa, na kuwazika. Dawa ya streptomaisini ilipoenea baada ya Vita Vikuu vya Pili, hakuna aliyehitaji tena kupanda mlima ili apone. Ilikuwa habari njema kwa dunia nzima, ila chanzo cha mapato cha Jauja kikakauka.

Wakati huo huo mlima ulikuwa ukibadilishwa na kampuni. Mwaka 1902 matajiri wa Marekani walianzisha kampuni ya Cerro de Pasco, wakanunua migodi karibu yote ya eneo hilo. Wafanyakazi waliwapata kwa njia ambayo msomaji wa Afrika Mashariki anayejua habari za manamba ataielewa mara moja: wakala anapita vijijini, anatoa pesa ya mbele wakati wa sikukuu au msiba, mtu anatia kidole gumba, kisha anakwenda mgodini kulilipa deni lisilokwisha. Lakini Mantaro ilikuwa na tofauti moja. Mkulima mwenye shamba aliweza kwenda mgodini miezi michache, akarudi kuvuna. Pesa ya mgodi iliingia kijijini badala ya kuishia kwenye duka la kampuni.

Mfano wa Muquiyauyo, kijiji kilicho ng'ambo ya mto kutoka Jauja, unaonyesha pesa hiyo iliweza kufanya nini. Wanakijiji, wengi wao wakiwa wamefanya kazi migodini na kuona mitambo, waliamua kujenga kituo chao cha umeme wa maji. Mtaji ulikuwa michango yao, mapato ya ardhi ya pamoja na kazi ya msaragambo. Kampuni yao waliiita FEBO, herufi za kwanza za Franklin, Edison, Bolognesi na Olaya: wawili wa umeme, wawili mashujaa wa Peru. Kufikia miaka ya 1920 umeme wa kijiji hiki uliwasha taa za vijiji jirani na za Jauja yenyewe. Mji wa zamani wa Pizarro ulinunua mwanga kutoka kwa wakulima. Wanamageuzi wa Lima waliutumia mfano huo kuthibitisha kwamba jumuiya ya wenyeji inaweza kuwa chombo cha maendeleo. Walisema kweli, ingawa walinyamazia kwamba ndani ya kijiji kulikuwa na wenye mashamba mengi na wasio na shamba, na kwamba sauti mkutanoni hazikulingana.

Kampuni ikaja na balaa lake. Mwaka 1922 ilifungua tanuri kubwa la kuyeyushia madini La Oroya, na moshi wake wenye risasi, arseniki na salfa ukashuka juu ya malisho. Kondoo walikufa, nyasi zikaungua. Wenye malisho walishitaki, na kampuni ikajibu kwa kununua mashamba yale yaliyoharibika, ikiwemo ya mabwana wa zamani. Ilipoweka mitambo ya kunasa sehemu ya moshi, nyasi zikaota tena, na yenyewe ikawa mfugaji mkubwa wa kondoo kwenye zaidi ya hekta 200,000. Mto nao ulibeba taka hadi mashamba ya Jauja. Jambo hili halijazeeka: Machi 2024 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilitangaza hukumu kwamba Peru iliwakosea wakazi wa La Oroya kwa kuacha wanyweshwe sumu hiyo.

Mei 1962, Jauja ilishangaza nchi. Luteni kijana, Francisco Vallejo, akiwa na wanasiasa wachache wa mrengo wa kushoto na wanafunzi wa sekondari, aliteka silaha, akachukua fedha benki na kukimbilia milimani kuanzisha mapinduzi ya wakulima. Yalizimwa siku hiyo hiyo. Miaka saba baadaye, 24 Juni 1969, serikali ya kijeshi ya Jenerali Juan Velasco Alvarado ilitangaza mageuzi ya ardhi na kuyataifisha mashamba makubwa. Malisho ya kampuni yakawa ushirika wa Túpac Amaru, wenye makao Pachacayo, ndani ya wilaya ya Jauja, na jumuiya za jirani zikawa wanachama. Jumuiya nyingine zilitaka ardhi yenyewe irudi kwao, siyo hisa katika ushirika unaoendeshwa na mameneja, na kutoridhika huko ndiko kulikotumiwa na waasi wa Sendero Luminoso miaka ya 1980. Ushirika mwingine wa bonde, Cahuide, uliangamia kwa mashambulizi yao. Aprili 1989, huko Molinos karibu na Jauja, jeshi lilipambana na kundi jingine la waasi, MRTA, na zaidi ya watu 50 wakafa asubuhi moja. Familia za vijijini zilikimbilia Huancayo na Lima, na wengi hawakurudi.

Leo malori hupakia viazi, karoti na mahindi mabichi bondeni jioni, na asubuhi bidhaa ziko Lima. Vishamba vimezidi kugawanyika kila kizazi, hadi vingine havitoshi familia, na vijana wanaondoka. Lakini hakuna kabaila wa kuombwa ruhusa.

Tarehe 20 Januari wengi wao hurudi. Katika kitongoji cha Yauyos, Jauja, huchezwa tunantada kwa siku kadhaa, bendi za saksafoni, klarineti, fidla na kinubi zikipokezana uwanjani. Wachezaji huvaa barakoa za waya zenye macho ya buluu, na kila mmoja ni mtu fulani wa historia hii: bwana wa Kihispania mwenye fimbo na mwendo wa maringo, mganga msafiri kutoka Bolivia, mwanamke wa Jauja mwenye mavazi ya thamani, na Tucumano, mfanyabiashara aliyeleta nyumbu kutoka nyanda za mbali za Argentina. Yupo pia chuto, mkulima, mwenye barakoa ya ngozi. Huyo pekee ndiye anayeruhusiwa kuzunguka kati ya wote, kusema na watazamaji, na kuwatania mabwana.